Ziwa Tanganyika linaposhindwa kujichanganya: namna gesi joto zinavyowafikia dagaa wa Kigoma

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila dagaa wanapoadimika Kigoma, mazungumzo yetu huelekea sehemu mbili: nyavu haramu na wingi wa wavuvi. Sipingi hata moja kati ya hizo, kwa maana nimekulia Ujiji, nimeanika dagaa na mama yangu kwenye mchanga wa mwalo wa Kibirizi, na nimeziona kwa macho yangu nyavu zenye matundu madogo kiasi cha kunasa hata dagaa wasiofikia kuzaa. Ipo hata hivyo sababu ya tatu ambayo hatuizungumzi, labda kwa kuwa haina mtu wa kukamatwa wala mtumbwi wa kutaifishwa. Maji ya juu ya ziwa letu yamepata joto kuliko zamani, na joto hilo linalizuia ziwa kujichanganya. Naomba nianzie angani ndipo nishuke majini, kwa sababu asiyeelewa kinachotokea angani hawezi kuelewa kwa nini kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, kinaweza kurudi alfajiri nusu tupu hata pale wavuvi walipofuata sheria zote.

Nishati ya jua hutufikia hasa kwa njia ya mwanga. Hewa huupitisha mwanga huo kwa sehemu kubwa, ardhi na maji huunyonya na kupata joto, kisha huanza kuirudisha nishati hiyo juu kwa mionzi ya joto ambayo jicho haliioni, ile ile unayoihisi usoni ukikaa karibu na jiko la mkaa ambalo halitoi tena mwali. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha mionzi hiyo ipite kana kwamba hazipo. Mvuke wa maji, hewa ya ukaa, methani na gesi nyingine chache huinyonya, kisha huitoa tena kuelekea kila upande, na sehemu yake hurudi chini tulipo. Hizo ndizo gesi joto. Kama zisingekuwepo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa takriban nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, wakati wastani tuliouzoea ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Bila gesi joto, kwa hiyo, tusingeishi hapa. Linalotuumiza ni kuzidishwa kwake.

Aliyewahi kulala Makete au Njombe mwezi wa Juni amekwisha kuliona jambo hili bila kupewa jina lake. Usiku wa anga jeupe, baridi hushuka mpaka sakitu ikaunguza majani ya viazi. Usiku wa mawingu mazito, baridi hupungua, ingawa jua limezama saa ile ile na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni kifuniko cha angani peke yake. Mawingu hufanya kazi hiyo kwa usiku mmoja au mbili, ilhali hewa ya ukaa huifanya usiku na mchana, na sehemu kubwa ya ile tunayoitoa leo itaendelea kuifanya kwa karne kadhaa, kwa maana haishuki na mvua ya kesho kama vumbi.

Wengi hupenda kulifananisha jambo hili na kitalu nyumba kile wanachopandia nyanya na pilipili hoho. Mimi naona mfano huo umewapotosha watu wengi. Kitalu nyumba hupata joto hasa kwa sababu nailoni au kioo chake huzuia hewa ya moto isipande na kuondoka, na angani hakuna ukuta wa namna hiyo. Blanketi lina ukaribu zaidi na ukweli: halina moto wowote ndani yake, ila huchelewesha joto la mwili lisitoke, na ukiongeza la pili juu ya la kwanza utaamka umelowa jasho.

Na haya hayakugunduliwa juzi. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo, akaiweka juani, akaona kuwa ule wenye hewa ya ukaa ulipata joto zaidi ya mingine na ulichelewa kupoa. Miaka michache baadaye John Tyndall, aliyekuwa akifanya kazi London, alipima ni gesi zipi hasa hunyonya mionzi ya joto. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikokotoa kwa mkono ongezeko la joto ambalo lingetokea kama hewa ya ukaa ingeongezeka maradufu. Kuanzia 1958 Charles Keeling akaanza kuipima gesi hiyo bila kukoma juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ambako wakati huo zilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo zimevuka 420. Kabla ya viwanda vya makaa ya mawe zilikuwa kama 280, na mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba katika miaka 800,000 hazikuwahi kufika kiwango cha leo.

Sasa nishuke ziwani.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, lakini samaki wetu wanaishi katika tabaka jembamba la juu tu. Upande wa kaskazini, kuanzia Bujumbura na Uvira, oksijeni huisha kwenye kina cha mita 100 hivi; upande wa kusini hufika mita 200 au zaidi kidogo. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kupumua. Kila kinachokufa juu huzama huko na kuoza, na kuoza huko huacha fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea ile ile ambayo mkulima huinunua kwa mfuko. Mbolea imelala gizani chini, na mwani unaoihitaji, yaani vijimea vidogo vinavyoelea majini, huishi juu kwenye mwanga. Lazima kitu kiipandishe.

Kitu hicho ni upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini mashariki hulisukuma tabaka la juu lenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji ya baridi yenye mbolea hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. Upepo ukitulia, matabaka hayo hurudi, yakaenda na kurudi kwa wiki nyingi kama maji ya beseni aliloliweka chini mtu aliyechoka kulibeba, na kila yanaposukwasukwa namna hiyo kiasi fulani cha mbolea huvuka kwenda juu. Mwani hustawi, planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini, hula mwani, dagaa hula planktoni, migebuka hula dagaa, nasi tunawala wote wawili.

Maji yenye joto ni mepesi kuliko maji ya baridi, na kadiri tofauti ya uzito kati ya tabaka la juu na la chini inavyokuwa kubwa, ndivyo upepo unavyohitaji nguvu nyingi zaidi kuyachanganya. Hapa ndipo penye jambo ambalo natamani kila mtu wa mwambao wa ziwa alijue. Watu hudharau nyuzi joto moja, wakisema kwamba hata mkono hauihisi. Maji hayapungui uzito kwa kiasi kile kile katika kila joto: kutoka nyuzi 25 kwenda 26, uzito wa lita ya maji hupungua karibu mara kumi ya unavyopungua kutoka nyuzi 5 kwenda 6. Kwa hiyo ongezeko dogo la joto, ambalo ziwa la nchi za baridi lingelivumilia bila mabadiliko makubwa, hapa kwetu hulifanya tabaka la juu likae kama mafuta juu ya mchuzi.

Vipimo vipo. Ziwa hili lilipimwa joto mwaka 1913, na watafiti waliporudia vipimo mwishoni mwa karne waliona kwamba maji ya juu yamepata joto kwa kasi kuliko ya chini. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika Science, zilieleza matokeo yake. Ule wa Nature ulisoma alama za kaboni katika matope ya chini ya ziwa, ukakadiria kuwa uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba kushuka huko kunaweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa matope ulionyesha kwamba joto la uso wa ziwa limefikia kiwango ambacho halikuwahi kukifikia katika miaka 1,500. Hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Mchangiaji kutoka Katonga

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo, ila nina wasiwasi na mahali yanapoweza kutufikisha. Mimi nimevua kwa kipe kwa miaka mingi. Tulipoanza tulitumia karabai, na mafuta ya taa yakiisha tulirudi nyumbani. Siku hizi kila chombo kina taa za umeme wa jua zinazowaka usiku kucha, vyombo vimeongezeka maradufu kwa maradufu, na wapo wanaokokota makokoro ufukweni mahali samaki wanapozalia. Tukianza kusema kosa ni la angani, hawa watapata pa kujifichia. Je, huoni kwamba unawapa kinga?

Mleta uzi

Kaka, hofu yako ni ya haki na nimeifikiria sana kabla ya kuandika. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliohesabu mabaki ya samaki na makombe yaliyohifadhiwa ndani ya matope ya ziwa, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayefungua daftari la zamani. Ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua sambamba na kuongezeka kwa joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara ulioanza katikati ya karne ya 20. Vilevile ulikadiria kuwa tangu 1946 sehemu ya sakafu ya ziwa inayofikiwa na oksijeni imepungua kwa asilimia 38 hivi, na hapo ndipo wanapoishi konokono, kaa na samaki wa miambani.

Mimi nayasoma matokeo hayo kinyume kabisa na anayetafuta kinga. Shamba likipungukiwa rutuba, mwenye busara hawezi kuendelea kuvuna magunia yale yale. Ziwa linalozalisha kidogo kuliko lilivyozalisha enzi za babu zetu haliwezi kubeba hata idadi ya vyombo iliyokuwa salama wakati ule, sembuse hii ya sasa pamoja na taa unazozisema. Ndiyo maana niliunga mkono kufungwa kwa ziwa upande wa Tanzania kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ingawa najua ni kaya ngapi zililala na njaa katika miezi hiyo, na naamini msaada kwa kaya hizo ulipaswa kupangwa kabla ya tarehe ya kufunga. Ninachokataa ni kuamini kwamba miezi mitatu ya mapumziko italirudisha ziwa lilivyokuwa. Mapumziko huwapa dagaa nafasi ya kuzaa, lakini hayapandishi mbolea kutoka kwenye kina cha mita 200.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo bado sijalijibu vizuri. Hewa ya ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Inawezekanaje kitu kidogo namna hiyo kikabadilisha joto la dunia nzima? Na tutajuaje kuwa si jua lenyewe lililoongeza makali?

Mleta uzi

Mwalimu, waambie walete ndoo ya maji safi na bluu ya kufulia. Chembe chache tu za bluu hubadilisha rangi ya ndoo nzima, kwa sababu maji yenyewe hayazuii mwanga ilhali bluu huuzuia. Ndivyo ilivyo angani: asilimia 99 ya hewa kavu haigusi kabisa mionzi ya joto, kwa hiyo wingi wake hauna maana katika jambo hili, na kazi yote inabaki kwa gesi zile chache zinazoigusa.

Swali lako la pili nalipenda zaidi, maana lina jibu linalopimika. Kama jua ndilo lililoongeza makali, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu kabisa. Kama sababu ni gesi joto, hewa iliyo karibu nasi ingepata joto wakati ile ya tabaka la juu, kilomita zaidi ya 15 kutoka ardhini, ikipoa. Syukuro Manabe na mwenzake walilikokotoa jambo hilo mwaka 1967, kabla ya kuwepo setilaiti za kulipima. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha hivyo hivyo: chini kunapata joto na juu kunapoa. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Zaidi ya hapo, kaboni inayotokana na makaa ya mawe na mafuta ina uwiano wake wa aina za kaboni, kwa kuwa imekaa ardhini kwa mamilioni ya miaka mpaka kaboni 14, aina inayopungua yenyewe kadiri muda unavyopita, yote imekwisha, na uwiano huo huo ndio unaozidi kuonekana angani. Moshi umeacha alama zake.

Mchangiaji kutoka Uvira

Ndugu zangu, huku kwetu tunaona kinyume. Ziwa halikupungua, limetufuata nyumbani. Kuanzia mwaka 2020 maji yameingia katika nyumba za Uvira, na wenzetu wa Gatumba ng'ambo ya Burundi wamehama mara nyingi mpaka wengine hawana tena pa kurudi. Kama dunia inapata joto, kwa nini ziwa lisikauke? Na ndakala, hao mnaowaita dagaa, hawapatikani ingawa maji ni mengi. Mimi sielewi.

Mleta uzi

Pole sana kwako na kwa jirani zako. Kina cha ziwa na kuchanganyika kwa ziwa ni mambo mawili tofauti, na moja linaweza kuzidi huku jingine likipungua. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga pale Kalemie upande wa Kongo, na mlango huo ni mdogo. Mvua zikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo, maji hujazana kwa miaka kabla ya kupungua. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilichangiwa sana na Bahari ya Hindi, ambayo upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na zikafuatwa na misimu mingine ya mvua nyingi. Ziwa limewahi kupanda hivi hata kabla ya enzi za magari, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila tone lililoingia nyumbani kwako lililetwa na gesi joto. Ninachoweza kusema ni kwamba kila hewa inapoongezeka nyuzi joto moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa wingi na kwa nguvu.

Kuhusu ndakala, maji hayo ya ziada yamekaa juu. Ni mita chache zilizoongezwa juu ya ziwa lenye kina cha mamia ya mita, na mbolea bado iko chini kule kule. Mafuriko huingiza pia matope kutoka milima iliyokatwa miti, ambayo hufunika miamba ya ufukweni ambako samaki wengi hutaga. Unaona maji mengi, na dagaa anaona chakula kidogo.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Afrika nzima tunachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Hata tukizima kila jiko la mkaa kuanzia Kigoma mpaka Kalemie, ziwa halitapoa. Sasa tunajadili ili iweje?

Mleta uzi

Hujamkwaza mtu, na kiasi ulichokitaja ni sahihi. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ya ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu mapinduzi ya viwanda, na leo China ndiyo inayotoa nyingi zaidi kwa mwaka. Mvuvi wa Kibirizi hana deni katika hesabu hiyo, na hilo linanichoma moyo kila ninapolifikiria. Ni kweli pia kwamba hata dunia ikiacha kuchoma makaa kesho, joto lililokwisha kuingia halitaondoka katika maisha yetu.

Hata hivyo, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata Dubai ukaanza kuahidiwa fedha, ingawa kidogo sana kulingana na mahitaji. Anayedai hasara lazima aionyeshe. Mafuriko yana picha. Dagaa ambaye hakuzaliwa kwa sababu mbolea haikupanda hana picha, ana vipimo tu. Mkataba wa ziwa uliosainiwa na nchi nne mwaka 2003 ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Natamani nione Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zikipima joto la maji kutoka juu hadi kilindini, kwa ratiba moja, mwezi kwa mwezi, na takwimu zikawekwa mahali ambapo hata mwanafunzi wa mwalimu wetu wa Dodoma anaweza kuzisoma. Bila hizo, hata siku za kufunga uvuvi tutaendelea kuzipanga kwa kalenda, wakati upepo wa kiangazi hauji tarehe ile ile kila mwaka.

Mchangiaji kutoka Katonga

Nimekuelewa sasa, na hilo la upepo limenigusa. Wazee wetu walikuwa wakisema upepo wa kiangazi ukivuma sana, ndipo dagaa watakapokuja. Sisi tulidhani ni maneno ya kujifariji wakati mawimbi yametuzuia kutoka.

Mleta uzi

Hayakuwa ya kujifariji, kaka. Waliyaona matokeo bila kuhitaji kipimajoto. Naomba jambo moja kwako na kwa yeyote mwenye mzazi au babu aliyekuwa na kipe, au aliyenunua dagaa kwa jumla pale mwaloni: kama nyumbani kuna daftari la zamani lenye tarehe na idadi ya ndoo au magunia, hata kama limeliwa na mchwa pembeni, piga picha kurasa zake uziweke hapa. Lililokuwa la mama yangu linaanzia mwaka 1987 na linaruka miaka miwili katikati. Kesho asubuhi nitaanza kuliweka.